Kifaa cha Mkono wa Mama

Vijana wanaosomea uhandisi hupenda kuniuliza ninatumia vifaa gani. Wanategemea niwatajie programu ya kompyuta ya bei mbaya, na nikiwatajia futi ya fundi cherehani wanatazamana. Kazi yangu ni kubuni bidhaa, zaidi mashine ndogo za wakulima, katika karakana moja ya Kilole, Korogwe. Kompyuta ninayo. Lakini haijawahi kunionyesha jinsi mtu anavyoshika kitu, na vitu vyangu karibu vyote hushikwa na watu waliochoka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Tafuteni futi laini, maana inazunguka kiganja na kifundo cha mkono mahali ambapo rula inakwama. Tafuteni maboksi ya sabuni. Mimi huwekewa na mama wa Kihindi mwenye duka karibu na stendi. Kila kitu nakikata kwanza kwa boksi, kwa sababu boksi likiharibika hakuna anayeumia. Na tupa nzuri ya kulainishia mbao pia. Na wakiniuliza nilijifunzia wapi kazi yenyewe, hapo huwa nabadilisha mazungumzo, kwa sababu jibu ni mama yangu, na bado siwezi kulisema mbele za watu.

Mama alipata kiharusi nyumbani kwake Handeni. Upande wa kulia ukalala. Ulimi ulirudi, mguu ukarudi kwa kuburuza, mkono haukurudi. Mdogo wangu wa kike, anayekaa naye, akachukua jiko. Kila nikipiga simu aliniambia kwamba mama anakula kidogo sana, anashinda mlangoni mwa jiko akikosoa moto. Mimi nikasikia tatizo la kihandisi. Ukisonga ugali kwa mkono mmoja sufuria inazunguka, basi kinatakiwa chuma cha kuishika. Nikatengeneza chuma.

Kilikuwa kizuri, niseme tu, kwenye mambo ya chuma sina unyenyekevu. Kilikaa juu ya mafiga kikaibana sufuria pande zote, na mwiko niliuchonga mpini mnene wa kushikwa kwa mkono wa kushoto. Nikapanda navyo basi la asubuhi. Mama akakaa kwenye kigoda chake akasonga, ugali ukatoka laini bila madonge, nami nikashangilia kama mtoto. Wakati wa kula akautenga mbele yake, akaanza kula peke yake. Akamwambia mdogo wangu apike mwingine wa kula sisi wawili.

Nilidhani anatania. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake, na kumpa mtu chakula si mojawapo. Hilo nalijua, nilichapwa kwa ajili yake utotoni. Ila nilikuwa nimejiaminisha kwamba ugonjwa unafuta yote. Nikamwambia dini yenyewe imempa ruhusa, amuulize shehe yeyote anayemtaka.

"Dini imeniruhusu, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye sijajiruhusu. Mkono huu wa kulia ndio uliowakuza. Siku nitakapowapa chakula kwa ule mwingine, nitajiona nimeshakufa."

Nilirudi Korogwe nimenuna. Nikanuna njia nzima, na wenzangu wa karakana wakanikoma siku hiyo. Mpaka nilipokaa na mkasi na boksi ndipo ikaniingia kwamba hajawahi kuniomba kifaa cha kusongea. Alichotaka ni kutulisha. Mkono uliolala ndio ulitakiwa uende kazini, na ule mzima uwe wa kuusukuma tu.

Nikachukua mpira wa ndani wa tairi ya gari, kitu kinachovutika bila kuchubua ngozi. Nikakata kamba pana ya kufunga vidole juu ya mwiko, na nyingine ya kuunganisha vifundo viwili vya mikono, ili wa kushoto uubebe wa kulia. Mdogo wangu alimpima mama kwa futi huku mimi nasubiri kwenye simu. Mama akamuuliza kama anapimiwa sanda, wakacheka, hata mimi nikacheka.

Kamba zilipokuwa tayari, mama akapigwa na kiharusi cha pili. Nilipofika alikuwa amesharudishwa kutoka hospitali, kalala kitandani kwake, maji anapewa kwa kijiko na mengi yanarudi. Kamba zilikuwa kwenye mkoba. Niliona aibu kuzitoa, kama mtu aliyeleta mbegu mvua zimekwisha.

"Umeleta?" akauliza. Ilimchukua muda kulimaliza neno hilo moja.

Mdogo wangu akaenda jikoni akasonga ugali, akauleta kitandani. Tukamwinua mama, tukamwegemeza kwenye mito, nikamfunga kamba. Ugali tukamwekea kwenye kiganja cha kulia, mpira ukavikunja vidole. Kisha mkono wa kushoto ukaunyanyua wa kulia. Ulitetemeka sana. Tonge la kwanza lilidondoka kwenye shuka, akakataa kusaidiwa. La pili lilifika mdomoni kwangu. Halikuwa na mboga, na lilikuwa limeshapoa, nikalitafuna taratibu kwa kuwa sikutaka limalizike. Akageuka akamlisha mdogo wangu. Yeye mwenyewe hakuweza kumeza chochote.

"Mmeshiba?"

Tukamwambia tumeshiba.

Alifariki kesho yake asubuhi. Uani kwetu kulipikwa masufuria makubwa ya msiba, na shangazi zangu wakapokezana kuniletea sahani, wakinisihi nile hata kidogo, nisije nikaanguka. Niliwashukuru wote. Nikawaambia mama ameshanilisha.