Mama Utupu

Usiku kucha muuza chai alikodolea macho simu iliyonyamaza. Binti yake alikuwa hosteli, akijiandaa kutetea utafiti wake wa shahada ya udaktari mbele ya walimu watatu, kwa mara ya pili na ya mwisho. Mara ya kwanza walimrudisha. Akirudishwa tena, miaka sita imeyeyuka. Aliahidi kupiga simu kabla ya kulala. Hakupiga.

Kulipokucha mama hakufungua kibanda. Alijaza chupa ya chai, akashika njia ya chuoni.

Jina la Mama Utupu alijitafutia mwenyewe. Binti alipomwambia anachunguza kama utupu wa ulimwengu umetulia kweli, mama alikimbilia kumtangazia wifi yake mbele ya wateja: "Mwanangu anasomea utupu!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko.

"Utupu?" wifi akasema. "Mbona huo hata sisi tunao, na shahada hatujapewa?"

Tangu siku hiyo akawa Mama Utupu.

Binti alimfafanulia kwa chupa ile ile. Katikati ya vioo viwili vya ndani hamna kitu, hata hewa, na ndiyo maana chai haipoi. "Sasa mama, hata pale pasipo na kitu pana namna yake ya kutulia. Chukulia utupu huo ni kikombe: sisi tunadhani kiko sakafuni. Huenda kiko juu ya rafu. Kikidondoka, kila kitu kinageuka, na hakipigi hodi."

Mama, ambaye mvua ikianza tu huhesabu misumari ya paa, aliuliza haraka: "Kitadondoka lini?"

"Labda kamwe. Labda baada ya miaka isiyoenea kwenye daftari."

Mama akachochea jiko. "Basi kitukute kazini. Siachi maji yangu kwa ajili ya kikombe cha huko."

Sasa, chuoni, alikaa kwenye benchi mbele ya mlango wa kahawia uliofungwa tangu saa tatu, binti yake akiwa ndani na wale walimu watatu. Karani akapita. "Mama, hapa si pa kukaa."

"Basi nitasimama." Akasimama kweli, chupa kifuani.

Saa sita simu ikalia. Wifi. "Rudi nyumbani, wifi yangu. Wale hawawezi kumpa udaktari mtoto wa muuza chai. Unajitia aibu bure."

"Aibu niliimaliza siku ile ulipocheka. Imebaki miguu tu, nayo haiondoki hapa."

"Na wakimrudisha?"

"Atanikuta mlangoni. Kesho tutachemsha maji kama kawaida."

Akakata simu. Kifuniko cha chupa kilikuwa kimelegea. Akakibana kwa kidole gumba.

Kitasa kikazunguka. Akatokea mwalimu mwenye mvi, miwani juu ya paji la uso, akaangaza huku na huku.

"Daktari wetu anasema ana mama asiyekosa chai. Wewe ni mama nani?"

"Mama Utupu," alisema, akaingia.