Mpangaji Aliyeulizia Mtandao Tu

Wanaonijua wanajua kwamba mimi si mwanamke wa kuona vitu. Sinywi dawa za usingizi, macho yangu yamepimwa mwaka jana, na hesabu za dukani bado nazifanya kichwani. Wewe usiyenijua itabidi uniamini hivyo hivyo. Haya yalitokea nyumbani kwangu Lubaga, hapa Kampala, saa ambazo watu wako macho na majirani wanakaanga chapati.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa madrasa. Babu zake walikuja huku kwa biashara kutoka pwani, wakaoa, wakabaki. Ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili hakikuachwa, hata watoto walipotujibu kwa Kiganda. Alipofariki, wanangu wote wawili walikuwa wameshaondoka, Rukia yuko Uingereza na kaka yake yuko Dubai. Nikabaki na nyumba. Unajua nyumba iliyozoea watu inavyosikika ikibaki na mtu mmoja? Unasikia friji. Unaisikia inazima, halafu unajikuta umesimama na kitambaa mkononi ukisubiri iwake tena.

Rukia ndiye aliyesema nipangishe chumba cha uani, kile ambacho baba yake alikuwa akifundishia. "Mama, hata akiwa mtu mmoja, utakuwa unasikia mlango unafunguliwa," aliniambia.

Waliokuja kukitazama waliuliza kitu kimoja wote, kama mtandao unafika. Ulikuwepo sebuleni. Ukifika mlango wa jikoni unapungua, ukivuka ua umekwisha. Nikaenda sokoni Nakivubo nikanunua kile kidude cha kuchomeka ukutani, kinachosemekana kusukuma mtandao mbele. Nikakichomeka kule chumbani. Hakikusukuma chochote.

Nikamwita fundi. Anaitwa Bahati, Mkongo wa upande wa Bukavu, mtu mzima mwenye familia yake. Alikitazama kidude changu akatikisa kichwa.

"Mama, umekiweka mahali mtandao imeshakufa. Sasa kitasukuma nini? Acha nipitishe waya, tuweke ruta ya pili kule kule."

Akapitisha waya chini ya paa, akauvusha ua juu ya kamba ya nguo, akaifunga ruta ya pili, kisanduku chenye taa ndogo ya kijani, juu ya dirisha. Aliipa jina lile lile na neno la siri lile lile, ili simu ihame yenyewe mtu anapovuka ua. Kisha akaizuia isigawe namba za mtandao kwa simu, kazi hiyo ibaki kwa ruta ya sebuleni. Alisema ruta mbili zikigawa namba katika nyumba moja zinagombana. Nilisimama katikati ya chumba nikampigia Rukia, na sura yake ikatulia kana kwamba amekaa mbele yangu. Niliona mpaka kovu la kidevuni. Tukaongea kidogo, akaitwa kazini.

Kesho yake alasiri mwanamke alibisha geti. Mrefu, mwembamba, kitenge kimepauka, ndala miguuni. Mkononi alishika simu iliyofungwa kwenye leso.

"Shikamoo, mama. Nasikia uko na chumba."

"Marahaba. Kipo."

"Mtandao inafika mpaka kule nyuma?"

"Unafika."

"Basi nitakaa. Watoto wangu walibaki kule Kongo. Nataka tu nikuwe nasikia sauti yao."

Hakuuliza choo kiko wapi. Hakuuliza maji. Alisema anaitwa Mama Neema, nami nikamwandikia neno la siri kwenye karatasi. Hakuwa na begi, lakini ni wakimbizi wangapi wanaofika mji huu bila begi? Sikumwomba kitambulisho. Niseme ukweli, niliogopa kwamba nikimuuliza maswali mengi ataondoka.

Kuanzia siku ile, kila jioni nilipomaliza kuswali magharibi, nilisikia akiongea kule uani, na sauti za watoto zikimjibu. Lugha yao siijui, lakini sauti za watoto ni sauti za watoto. Nikawa navuta kigoda mpaka mlango wa jikoni ili nisikie vizuri. Baadaye nampelekea chai ya tangawizi, tunakaa kizingitini kwake.

Ananiuliza habari za mume wangu. Alikuwa akikohoa vipi kabla ya kuingia ndani? Alikuwa akiniita nani? Nilimweleza yote. Tangu tuzike, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Watu wanakupa pole siku arobaini, halafu wanaanza kubadilisha mazungumzo ukimtaja.

Kikombe kilikuwa kinarudi kimejaa, chai imepoa. Siku moja ilinyesha mvua kubwa, akavuka ua kuja jikoni kwangu, na kitenge chake kilikuwa kikavu. Niliyaona. Niamini, niliyaona yote. Nikajiambia labda hapendi tangawizi. Nikajiambia labda alipita chini ya paa. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu ni hodari sana wa kumtafutia mwenzake sababu.

Baada ya wiki kama tatu, mtandao wangu wa sebuleni ulianza kusuasua, Bahati akaja kuutazama. Alikaa na simu yake akifungua kurasa za ruta moja baada ya nyingine, halafu akairudia ile ya pili.

"Mama, huyu mpangaji anatumia simu gani?"

"Ya zamani tu. Kwani vipi?"

"Kwa hii ruta ya pili hakuna mtu. Tangu niifunge, imeshikwa na simu moja peke yake. Ni ya kwako, siku ile ulijaribisha."

Nilitaka kumwambia kwamba amekosea, na hapo hapo sauti ya Mama Neema ikaanza kule uani. Watoto wakamjibu. Bahati aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Unasikia?" nikamwambia. "Anaongea nao kila siku. Wanafurahi sana."

"Hii ni lugha ya kwetu, mama." Alikuwa anakusanya vifaa vyake bila kuvitazama. "Hawafurahi. Wanasema neno moja tu, wanalirudia. Wanasema, mama, tufungulie."

Bahati hakumaliza chai niliyompa. Pale getini alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Usiingie kule. Akikuita, usiingie."

Ungedhani nilimfukuza siku ile ile. Sikumfukuza. Usiku huo nilifunga mlango wa jikoni kwa komeo, lakini kesho yake nikachemsha chai ya watu wawili. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Siku mbili baadaye ilikuja mvua ya radi, umeme ukakatika tangu adhuhuri, mtaa mzima. Nilitazama ruta ya sebuleni, haina taa. Nikatazama dirisha la uani, ile taa ndogo ya kijani haikuwepo. Lakini Mama Neema alikuwa anaongea. Kisha mlango wake ukafunguka, akasimama akinitazama kupitia mvua.

"Mama Rukia, njoo. Kuna mtu anataka kukusalimia."

Nilivuka ua. Usiniulize kwa nini. Aliniketisha kitandani, akafungua ile leso na kunipa simu. Kwa mara ya kwanza niliishika. Kioo kilikuwa kimepasuka chote. Nyuma haikuwa na kifuniko, na mahali pa betri palikuwa na udongo mkavu, mwekundu, umeshindiliwa mpaka kingoni. Niliona hayo kwa macho yangu, na bado nikaiweka sikioni.

Kwanza nilisikia kikohozi. Kile kikohozi cha mume wangu cha mlangoni, kifupi, mara mbili. Halafu akaniita kama alivyokuwa akiniita alipotoka msikitini.

"Mke wangu. Mbona umefunga? Nifungulie, mke wangu, huku kuna baridi."

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa naitika sauti ile. Akiniita, naitika "abee" kabla sijajua kama nimeitika. Mdomo wangu ulishafunguka. Kilichoniokoa ni kwamba niliinua macho nimtazame Mama Neema, nimshukuru, na nikaona kwamba hanitazami usoni. Alikuwa anatazama mdomo wangu. Ameinama karibu kabisa, midomo yake inachezacheza, anaisubiri ile "abee" itoke.

Nikaubana mdomo. Nikaiweka simu juu ya kitanda taratibu, nikanyanyuka, nikavuka ua kwenye mvua bila kukimbia. Nilijua nikikimbia nitalia, na nikilia nitaitika. Nikafunga mlango, nikasoma aya nilizokuwa nazikumbuka. Sauti ya mume wangu haikunyamaza. Aliniita kutoka kule uani, kwa upole vile vile, kwa subira vile vile, mpaka adhana ya magharibi. Ndipo kukawa kimya.

Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Shuka hazikuwa na mkunjo hata mmoja, na ile karatasi ya neno la siri ilikuwa dirishani, imekunjwa kama nilivyoikunja mimi. Bahati alikuja kuondoa waya, lakini hakukubali kuingia ndani, kwa hiyo ruta ya pili niliifungua mwenyewe nimesimama juu ya kiti. Nilipomweleza Rukia alisema, "Mama, nitajitahidi kuja mwisho wa mwaka." Hakupata ruhusa kazini. Simlaumu.

Chumba kile sikipangishi tena. Simu siiweki sikioni, naitumia kwa spika, iwe mbali nami, juu ya meza. Mtu akiniita kutoka getini siitiki mpaka nimwone uso. Majirani wanasema nimekuwa na maringo tangu nifiwe, nami nawaacha waseme. Na kuna jambo ambalo Bahati sikumwambia. Zipo jioni ninakaa jikoni nikijuta. Sijuti kwamba niliingia. Najuta kwamba sikumwitikia mume wangu, kwa sababu mpaka leo sijui kama alikuwa yeye, na kama alikuwa yeye, nilimwacha nje kwenye baridi.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayeishi peke yako. Mgeni anayeuliza sana habari za marehemu wako, na hakuelezi za kwake, usimzoee. Na kama una mama aliyebaki na nyumba mahali fulani, mpigie leo, mwache aongee mpaka achoke mwenyewe. Usipomsikiliza wewe, yupo atakayekuja kumsikiliza.