Barua za Makene Baada ya Agosti

Anania Nzunda ni binamu yangu. Mama yake, Ketrina, ni shangazi yangu, dada wa baba tumbo moja. Kila nikisimulia yaliyompata napandwa na hasira, na watu huniuliza hasira ya nini kwa jambo la miaka mingi. Huwa nawaambia wasikilize kwanza.

Alikulia Mbozi Mission, kwenye mibuni ya baba yake, akabatizwa jina la yule Anania wa Dameski, si yule mwongo, kama shangazi alivyopenda kuwakumbusha watu. Alipomaliza kidato cha nne, katibu wa kanisa alimruhusu kutumia taipureta ya ofisi kila mchana, naye akajifunza hadi akaweza kuchapa huku anatazama dirishani. Ujuzi huo ndio uliomponza. Alipoingia jeshini mwaka 1985, wenzake walipewa bunduki. Yeye alipewa bunduki, meza na kabati la mafaili. Akawa karani wa kombania, watu mia na ushee chini ya kapteni mmoja, na hakuna karatasi iliyotoka pale bila kupita mikononi mwake.

Alikuwa mtu wa kuamini kila anachoambiwa na mkubwa. Mwaka 1987 waliambiwa wanakwenda zoezini. Anania akapakia viatu vya mpira kwenye begi, na njiani akamwuliza sajenti meja kama huko waendako kuna ibada ya Jumapili. Walipokwisha kuvushwa Ruvuma ndipo mtu alipomweleza kwamba hapo ni Msumbiji, na kuna vita. Wiki ya kwanza risasi ilipenya bati la ofisi yake ikatoboa kabati. Yeye akaketi akaandika makao makuu kuomba kabati jingine, kwani hilo lilikuwa na tundu la sentimita moja na mvua ikinyesha ingeloanisha faili la likizo. Barua hiyo maofisa waliisoma kwa sauti wakati wa chakula kwa mwezi mzima. Hakuna askari hata mmoja aliyekuwa amepewa likizo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa dereva aitwaye Makene, kijana mrefu wa Kamsamba, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Wote wawili walikuwa wa wilaya ya Mbozi, ila mmoja wa baridi ya juu na mwingine wa joto la bondeni, na Makene hakuchoka kumcheka Anania kwa kubeba sweta vitani. Makene alikuwa na mwandiko mbaya, hivyo barua zake za nyumbani aliziandika Anania. Makene alisema, Anania akaandika na kuongeza maneno yake mazuri: salamu kwa mpunga, salamu kwa ndama, salamu kwa Rosemary wa Msangano, mchumba wake. Huko Kamsamba barua zilisomwa na mdogo wake Makene, Miriamu, aliyekuwa darasa la sita, akiwa amesimama mbele ya mama yao, Nesta, na majirani.

Sasa nafika kwenye kitanda.

Kapteni wao alikuwa ameagiza kitanda cha mpingo, chenye nakshi za maua, kwa seremala wa mji mdogo ulio mwendo wa siku moja. Mwezi Agosti kitanda kikawa tayari. Kapteni akamwita Anania achape hati ya safari ya lori.

"Andika dereva Makene anakwenda kufuata maji," alisema.

"Afande, kisima tunacho hapa," Anania alijibu. Aliamini kweli kwamba Kapteni amesahau.

"Andika maji, karani."

Akaandika maji. Makene alikwenda na askari mmoja, wakachukua kitanda, na wakati wa kurudi tairi la mbele likakanyaga bomu lililotegwa ardhini. Makene alifia pale pale. Yule askari aliyekuwa nyuma na mzigo alivunjika mguu tu, na ndiye aliyesimulia. Kitanda hakikupata hata mkwaruzo. Kililetwa kambini kesho yake kwa lori jingine, na Kapteni akakilalia.

Walimzika Makene chini ya mkorosho. Anania alichapa taarifa ya kifo huku machozi yakidondoka kwenye vibonye vya taipureta, akampelekea Kapteni asaini. Kapteni aliisoma, akaiweka kwenye mtoto wa meza.

"Itakwenda wakati wake," alisema.

Wakati wake haukufika. Kama taarifa ingekwenda, mtu angeuliza lori lilifuata maji gani ilhali kisima kipo uani. Anania hakuliona hilo. Alidhani jeshini kuna utaratibu wa kusubiri.

Mwezi Oktoba ikaja barua ya Miriamu. Mama anauliza mbona kimya. Anania aliipeleka kwa Kapteni, akiwa na hakika kwamba sasa ile taarifa itatoka mezani.

"Mjibu," Kapteni alisema. "Si wewe uliyekuwa ukimwandikia siku zote?"

"Afande, Makene amekufa."

"Mama yake ana umri gani? Akipata habari hii kwa barua, presha itampanda afe. Unataka kumuua? Mwache kidogo. Tukirudi, atakwenda ofisa kumweleza vizuri."

Anania akaona ni huruma. Naomba msomaji alielewe hili, kwa sababu mimi ilinichukua miaka kulielewa: aliona ni huruma. Akaketi, akaandika kwamba ni mzima, kazi nyingi, salamu kwa mpunga.

Barua ya pili ilikuja Machi 1988, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama yake Makene anaona uchumba umekaa muda mrefu. Je, mahari ipelekwe na Rosemary aletwe Kamsamba, amsubiri mume wake kwa mama mkwe, au aendelee kukaa kwao Msangano?

Anania aliandika: akae kwao kwanza. Kapteni, ambaye sasa alikuwa akipitia barua zote, akaichana.

"Kijana gani anakataa kuletewa mke? Watashtuka. Andika aletwe, na uandike kwa furaha."

"Afande, huyu msichana ataolewa na marehemu."

"Ni amri."

Akaandika kwa furaha. Barua ikaenda. Ng'ombe wakaswagwa hadi Msangano, na msichana wa miaka kumi na tisa akahamia nyumbani kwa mume aliyekuwa kaburini miezi saba.

Walirudi Tanzania Desemba 1988. Anania akapewa likizo, ya kwanza katika faili lile lote. Kapteni alimpa mkono na kumwambia mambo ya Makene ayaache kama yalivyo, wakubwa watayashughulikia.

Mbozi Mission walimpokea kwa nyimbo. Shangazi Ketrina alichinja kuku, akakuta mwanawe anachezea chakula. Siku ya nne alimfungia mlango wa jikoni na kumwambia hatoki mpaka aseme. Akasema yote, tangu hati ya maji hadi Rosemary.

Shangazi hakumbembeleza. "Umekaa siku nne kwangu unakunywa chai," alisema, "na yuko mama mwenzangu huko chini anamngoja mtoto?"

"Kapteni alisema atakwenda ofisa."

"Amekwenda?"

"Sijui, mama."

"Vaa viatu."

Walishuka Mlowo, wakapata lori la mahindi linaloteremka Kamsamba. Mvua zilikuwa zimeanza na barabara ilikuwa tope. Walilala njiani mara mbili, na mwisho walitembea, shangazi mbele, Anania nyuma amebeba sweta mkononi kwa joto.

Walimkuta Nesta anapepeta mpunga. Hakuwa mwanamke mgonjwa wala mzee sana. Alikuwa na mikono yenye nguvu na sauti kubwa. Anania alipotoa shikamoo na kutaja jina, uso wake ulifunguka.

"Ndiye wewe Anania? Makene ametuandikia habari zako. Karibu, baba. Yeye yuko nyuma? Miriamu, mwite Rosemary, mwambie wamerudi."

Rosemary alikuja mbio kutoka kwenye jaruba la mpunga, matope hadi magotini, akaangalia njia. Njia ilikuwa tupu.

Shangazi anasema hapo alitamani ardhi immeze, lakini alimsukuma mwanawe bega. Anania akasema akiwa wima, kama anatoa ripoti, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Makene amefariki. Amezikwa Msumbiji.

"Lini?" Nesta aliuliza.

"Agosti, mama."

"Agosti hii iliyopita?"

"Ya mwaka jana."

Nesta alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha akamwambia Miriamu alete barua. Miriamu alizileta kwenye kopo la maziwa ya unga, akazipanga juu ya mkeka kwa tarehe. Mbili, za baada ya Agosti hiyo, zilibaki upande wake.

"Na hizi?" Miriamu aliuliza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Niliandika mimi."

Mwanzoni hakuna aliyelia. Rosemary ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini.

"Nani aliyesema niletwe huku?"

"Kapteni aliniamuru."

"Mkono ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Una dada?"

"Ninao wawili."

"Ungewaandikia hivyo?"

Nesta akauliza mwanawe alikufaje, Anania akaeleza: hati, maji, seremala, bomu.

"Kitanda," Nesta alisema. "Na chenyewe kilivunjika?"

"Hakikuvunjika, mama."

Hapo ndipo alipopiga ukunga, na majirani wakaja mbio. Vijana wawili walitaka kumpiga Anania. Nesta aliwazuia, si kwa huruma. Alisema mikono ya Anania bado ina kazi. Akamwagiza Miriamu alete daftari na kalamu, akamketisha Anania mkekani, akamwambia aandike yote kwa mwandiko ule ule, na chini aweke jina lake mwenyewe. Ziliisha kurasa sita.

Baada ya matanga, Nesta, Rosemary na shangazi walikwenda naye Vwawa, wilayani. Wakaambiwa mambo ya jeshi hayapo pale, waende Mbeya. Mbeya wakaambiwa waandike barua. Nesta akasema barua anazo za kutosha, anataka mtu. Walikaa kwenye benchi siku tatu, wanawake watatu na askari mmoja, hadi mkubwa mmoja akawasikiliza kwa sababu watu walikuwa wameanza kusimama barabarani kuwatazama.

Nani aliadhibiwa? Anania. Alikaa mahabusu siku ishirini na nane kwa kuandika barua za uongo, kisha akaachishwa kazi. Kosa alilifanya, mwenyewe hakubisha. Lakini Kapteni alihamishwa tu kituo, na tulisikia baadaye kwamba alistaafu kwa heshima zote. Taarifa ya kifo ilifika Kamsamba Juni 1989, imepigwa mhuri, ikisema Makene alifariki akiwa safarini kufuata maji. Nesta aliomba isahihishwe. Aliomba mara nne, na kwa miaka kadhaa, na jibu halikuja.

Rosemary alirudi Msangano. Ng'ombe Nesta hakuwadai. Alisema msichana alilima naye msimu mzima kama mwanawe. Miaka mitatu baadaye aliolewa na mwalimu, na Nesta alikwenda harusini.

Anania alihamia Tunduma, biashara ilipofunguka na malori ya Zambia yakaanza kupanga foleni mpakani. Aliweka meza na taipureta karibu na geti, akawajazia wafanyabiashara fomu zao. Kila msimu wa mavuno, hadi Nesta alipofariki mwaka 2004, alifunga kazi wiki mbili na kushuka Kamsamba kuvuna mpunga wake. Nesta alimpa chakula na mahali pa kulala. Hakumwita mwanangu, na Anania hakutegemea.

Miriamu ni mwalimu mkuu sasa. Nilikutana naye Mlowo mwaka juzi, nikajitambulisha ni ndugu wa nani. Nikamwambia Anania amezeeka, na angependa waonane hata mara moja.

"Mama alimstahimili, hilo lilikuwa lake," alisema. "Zile barua mbili aliyezisoma mbele ya watu ni mimi. Nilizisoma vizuri, mpaka mama akacheka."

Akachukua mfuko wake wa vitabu akapanda gari.