Mrusi Alipomwigiza Mkewe Kilioni

Mwalimu wetu wa maigizo alikuwa Mrusi. Alimfuata mkewe, daktari mwenye asili ya Mitwaba aliyesomea Urusi, akafika naye Lubumbashi na kubaki. Kwao alikuwa mwigizaji wa majukwaa makubwa. Kwetu aliigiza katika ukumbi wa parokia kule Ruashi, bati linavuja, na michezo yake aliiandika kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Nilimpenda, sifichi. Alikuwa mkali kama pilipili. Siku moja alinirudisha mlangoni mara kumi kwa sababu ya kuigiza kufua nguo tu jukwaani.

"Unacheza, haufui," aliniambia. "Kwanza angalia muntu."

Mkewe alipofariki, kilio kikawekwa kwa wazazi wake. Siku tatu mwalimu alikaa kwenye kiti cha plastiki bila neno wala chozi. Wakwe wakaanza kunong'ona: huyu mzungu hana uchungu, tukishazika atapanda ndege. Nami niliogopa hivyo hivyo, kwamba watamkataa naye atatuacha.

Siku ya tatu wakaja watani wa ukoo. Kwetu wao ndio humwigiza marehemu ili wafiwa wapate kucheka. Mama mmoja alikuwa amevaa kitenge na miwani ya marehemu, akawa anapita mbiombio akigombeza wagonjwa. Watu wakaangua kicheko. Mimi damu ikanichemka. Nikamrukia, nikamkamata mkono: "Heshimu mufiwa!" Mimi, mzaliwa wa hapa, nikasahau desturi yangu kwa kumhurumia mgeni. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Mrusi akainuka. Aliutoa mkono wangu taratibu, akamtazama yule mama kwa jicho lile lile la mazoezi.

"Hapana, mama, haiko vile. Yeye alitanguliza bega ya kushoto."

Akaomba kitambaa, akakifunga kichwani, akatembea.

Nimeona waigizaji wengi, lakini kitu kama kile sijakiona tena. Mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, na bado aliyepita mbele yetu alikuwa marehemu mwenyewe, bega mbele, akipangusa kila kiti kwa kiganja, akiwasalimu wajomba huku macho yakiwa kwenye saa. Wajomba walicheka hadi wakashika mbavu. Kisha akakigeukia kiti chake mwenyewe, kilichokuwa kitupu, akakigombeza kwa sauti ya mkewe:

"We bwana, ungali tu na mateatre yako ya parokia? Unaisha kula?"

Akasimama akingoja kujibiwa kama amekula au bado. Vicheko vilizimika kimoja kimoja.

Kwenye mkeka, mama mkwe wake, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwahi kuongea naye uso kwa uso, akainua kichwa na kumjibu binti yake.

"Hayakula, mwana yangu. Tangu ulienda, hayakula kitu."

Hapo ndipo Mrusi alipolia.