Vumbi Halikupewa Maji

Ufagio mkavu una sauti yake juu ya saruji. Sakafu ikinyunyizwa maji, vijiti vya ufagio huvuta taratibu, kama mtu anayechana nywele zilizolowa. Isiponyunyizwa, hukwaruza, na punde unasikia kikohozi kidogo cha anayefagia. Sauti hiyo huniamsha kila asubuhi katika ua huu wa mtaa wa Kabondo nilikopanga chumba. Binti wa mwenye nyumba anafagia, nami natoka mbio na kopo la maji kabla sijanawa uso. Amenizoea. Ananiita Mama Maji, ingawa sina mtoto na bado sijafika miaka ishirini na tano. Jana aliniuliza kwa nini ninakuwa mkali hivyo kwa ajili ya vumbi tu. Nikamjibu kwamba ni desturi ya kwetu. Huo ni ukweli nusu. Nimejaribu kuandika nusu ya pili mara saba, na mara zote nimechana karatasi kwa sababu ya sentensi moja iliyokaa vibaya. Safari hii sitachana.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka wa uasi. Uhuru wenyewe ulikuwa na miaka minne. Mama yangu alifariki aliponizaa, na aliyenilea ni mdogo wake, Mama Mdogo Zaina, pamoja na Bibi, mama yao wote wawili. Bibi alizaa mabinti hao tu. Mama Mdogo alikuwa mrefu, mcheshi, na kifua chake kilikuwa kibovu tangu utoto. Mtu akikung'uta godoro karibu naye, pumzi zake zilianza kupiga filimbi. Kwa hiyo kwetu kufagia kulikuwa na sheria: fungua madirisha, nyunyiza maji, ngoja, ndipo ufagie, na Zaina akae nje. Bibi alikuwa na msemo wake: "Vumbi iko mugeni. Umupe maji kwanza, hatakusumbua."

Risasi zilipokaribia mtaa wetu tulikimbia kwa njia ya Bafwasende, tukajificha msituni kwa jamaa za Bibi. Papa, baba yangu, aliyefanya kazi ya reli, alikwama Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa kuwa hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka. Tulikaa msituni miezi mitano. Tulikula majani ya mihogo bila chumvi, tukalala chini huku mvua ikitudondokea. Na huko, jambo ambalo hata Bibi hakulielewa, kifua cha Mama Mdogo kilinyamaza. Alinibeba mgongoni kuvuka vijito, mimi na miaka yangu tisa yote, bila filimbi hata moja. Alikuwa akisema, "Faida, vita iko dawa yangu," nasi tulicheka, kwa maana hatukuwa na kingine cha kuchekea.

Tuliporudi mjini tulikuta mlango umeng'olewa bawaba moja na godoro limepasuliwa, pamba imetapakaa. Watu walikuwa wamelala mle, kisha panya, kisha popo. Popo walikuwa wamehamia juu ya dari letu la mikeka, na mikeka ilikuwa imelegea kwa uzito wa mavi yao. Nyumba ilikuwa na harufu kali iliyokwaruza koo, ambayo mpaka leo naikumbuka kuliko sura ya mama yangu katika picha.

Mvuvi mmoja alituletea habari kwamba Papa angevuka Ijumaa, baada ya sala. Asubuhi ya siku hiyo Bibi alichukua ndoo kwenda bombani, ambako watu walipanga foleni ndefu. Kabla ya kutoka alituonya.

"Mungoje, musianze mbele nirudi na maji. Zaina, wewe utakaa inje. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nami nilisikia. Sitaki kusema kwamba sikusikia.

Lakini nilikuwa mtoto ambaye hakuweza kukaa karibu na kitu kilichopinda bila kukinyoosha. Nilitaka Papa aikute nyumba kama alivyoiacha, aingie na kuona kwamba hakuna lililotokea. Kulikuwa na maji kidogo katika sufuria. Niliyanyunyiza kwenye kona moja, na mavi ya popo yakageuka tope la kahawia lililoacha mistari juu ya saruji. Nilisugua mistari hiyo kwa kanga yangu mpaka nikalia. Ndipo nikaamua kwamba maji yanachafua. Nilifagia kavu. Upepo ukawa unarudisha vumbi ndani, nikafunga madirisha, yote mawili.

Dari sikulifikia. Nikamwita Mama Mdogo.

Aliingia amejifunga kitambaa cheupe puani na mdomoni. Alisimama mlangoni kwanza, akatazama juu, akaniuliza kama tusimngoje Bibi. Nilimwambia Papa atafika na nyumba bado chafu. Kisha, kwa kuwa alisitasita, na kwa kuwa nilijua namna ya kumchekesha, nikamtania.

"Mama Mudogo, na hiyo kitambaa uko sawa maiti."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akakivua kitambaa, akakitupa begani.

"Bon. Niko muzima. Angalia."

Akachukua ufagio, akagonga dari. Mkeka mmoja ukaachia upande, na yale yaliyokuwa juu yake yakatumwagikia, makavu, mepesi, kama unga. Kwa muda sikumwona, ingawa tulikuwa chumba kimoja. Nilimsikia tu akikohoa na kucheka. "Msituni tulilia njaa," alisema, "leo tumekula unga ya bure." Mimi nilikuwa chini, usoni nimejifunika kanga yenye tope, ile niliyosugulia sakafu. Labda ndiyo iliyoniokoa. Sijui.

Bibi alirudi na ndoo kichwani, tulipokwisha kufagia vumbi lote nje. Aliitazama sakafu iliyong'aa, akamtazama Zaina, kope zake zimejaa vumbi. Aliitua ndoo mlangoni taratibu, maji yasimwagike.

Papa alifika alasiri. Aliuliza nani amefagia vizuri hivyo. Nikasema, "Ni mie." Akanishika kichwa. Wakati huohuo, uani, filimbi ilikuwa imeshaanza.

Filimbi ile ilipungua kwa mvuke wa majani, tukadhani yamekwisha. Siku kama kumi baadaye ikaja homa, kikohozi kikavu, na pumzi fupi za mtu aliyepanda mlima. Tulimpeleka hospitali, ambako rafu za dawa zilikuwa tupu. Bibi alikuwa amekwenda kutafuta uji wakati muuguzi alipotuuliza.

"Huyu mama alipumua vumbi? Alifanya kazi ku kinu, ao ku depo ya pamba?"

Mama Mdogo aligeuza kichwa, akanitazama. Niliinamia vidole vya miguu yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu tu. Alinisubiri kidogo, kisha akajibu mwenyewe, akivuta pumzi kati ya neno na neno.

"Hapana, docteur. Ni msitu. Baridi."

Alifariki kabla ya Ijumaa ya tatu tangu Papa avuke. Matangani watu wote walisema msitu umemuua. Msitu, ambao ulimpa miezi mitano ya pumzi nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Niliuacha ubebe lawama. Hauna mdomo.

Shuleni sikurudi tena. Nilijifunza kusoma peke yangu, kwa karatasi za kufungia karanga. Katika karatasi moja, iliyotoka kwenye kitabu cha afya, nilisoma kwamba mavi makavu ya popo na panya katika nyumba iliyofungwa yana ugonjwa ndani yake, kwamba vumbi lake huingia mapafuni na kuota kama kuvu. Fungua madirisha, kilisema. Lowesha kwanza. Funika pua na mdomo. Mwenye kifua kibovu akae mbali. Nilisoma nimesimama sokoni, karanga zikinidondoka. Ilikuwa sauti ya Bibi, ila hawakuandika kwamba vumbi ni mgeni.

Ndipo nikaelewa jambo jingine: Bibi alijua tangu siku ile. Baada ya matanga nilishika ufagio, na Bibi akauchukua mkononi mwangu. Tangu siku hiyo alifagia yeye, miaka yote, mgongo umepinda, akinyunyiza na kungoja, nami binti mkubwa nimekaa mkekani. Majirani walinisema. Bibi aliwajibu, "Mumuache. Mutoto hana mama." Niliwasimulia wenzangu jinsi Bibi alivyonihurumia.

Alinilisha, alinivika, aliniombea kwa jina langu mpaka siku yake ya mwisho. Ufagio hakunipa tena.