Sakafu Iliyotoka Jasho Mabela

Mie skuli niliiacha kabla haijaniacha yenyewe. Nilichokisoma nimekisoma juu ya mapaa ya watu hapa Maskati, mwezi wa saba, nimechuchumaa mbele ya mashine ya AC, bisbisi mkononi na jasho linaniingia machoni. Nilianza kwa kumbebea ngazi fundi mmoja wa Kihindi pale Ruwi. Leo nna gari za kazi ambazo zikipangwa mbele ya nyumba yangu jirani hapati pa kuegesha. Wasomi wengi wa mji huu wanalala usingizi mzuri kwa sababu yangu. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa aina gani aliyeaibika. Aibu ya mtu asiyejulikana husahauliwa. Yangu mie ilikwenda mji mzima na ikarudi.

Nna ligi. Ligi ya mpira wa ndani, watano kwa watano, na wachezaji wanalipwa kila wanapocheza. Malipo si makubwa, lakini ni malipo, kwa hivyo kwangu mtu haji kupunguza tumbo. Tunachezea kwenye ghala langu la Mabela. Niliondoa mashine, nikapiga sakafu rangi ngumu ile ya kung'aa, nikachora mistari, nikasimamisha magoli madogo, na juu nikatundika AC ambazo hata hoteli hawana. Watu husema, "Ligi ndogo." Ndogo, ndiyo. Lakini katika viwanja vyote vya mji huu nionesheni kimoja ambacho mtazamaji anakuja na shali mwezi wa nane.

Watu hudhani kuendesha ligi ni kununua mpira na filimbi. Hawajui. Timu ya waoka mikate inakuja bila golikipa kwa sababu tanuri limeharibika na yeye ndiye anayelijua. Timu ya madereva inangoja mchezaji wa tano, naye kapata abiria wa uwanja wa ndege. Timu ya jamaa zangu, wale tuliotoka nao ukoo mmoja Unguja, waligombana kwa sababu ya harusi, ikawa nusu ya timu haimpi pasi nusu ya pili. Refa wangu ni mtoto wa dada yangu, mwalimu wa michezo. Kila anayefungwa husema kijana kapewa maneno na mjomba wake. Maneno gani? Mie sina hata timu.

Katika timu ya Wakenya palikuwa na mshambuliaji mmoja. Mlinzi wa maduka kule Madinat Sultan Qaboos, mrefu, mpole, anakaribia thelathini. Mpira aliuvuta kwa unyayo kama mtu anayepangusa vumbi kwenye zulia, beki akiangalia mguu, mpira umeshapita. Ili acheze kwangu ilimbidi abadilishane zamu na wenzake, na wenzake hawakumbadilishia bure. Alilipa kwa Ijumaa zake zote.

Basi nikamleta mtu wa kumtazama. Kocha wa klabu kubwa, klabu iliyofungua timu ya mpira wa ndani, mwenzetu, wa kwao Unguja vilevile. Akimpenda yule Mkenya angemchukua, na kusimama mlangoni mwa duka kungekwisha.

"Mzee, hii itakuja mara moja tu," akaniambia yule mchezaji. "Mwaka ujao nitakuwa nimezeeka kama wewe."

"Nani kazeeka?"

"Pole, bosi. Nitakuwa nimezeeka kama mwingine."

"Wewe cheza," nikamwambia. "Mengine yote niachie mie."

Ndiyo maneno niliyoyasema. Mengine yote niachie mie.

Siku ya mechi niliziwasha AC tangu asubuhi, zote, kwa baridi ya mwisho. Refa alipofika alasiri akaja kwangu anasugua mikono.

"Mjomba, hapa tunacheza mpira au tunahifadhi samaki?"

"Utazoea."

Mgeni nilitaka aingie kwa mlango mkubwa, ule wa chuma unaokunjwa juu, unaopita lori. Mlango wa pembeni ni wa wachezaji na wasafishaji, mgeni wangu hapiti huko. Nikatandika zulia, nikaweka chetezo cha ubani, halua, kahawa, na wazee wa mtaa wakapanga mstari wamevaa kanzu zilizopigwa pasi. Magharibi ilipokwisha kuswaliwa, mlango ukakunjwa, na kocha akashuka garini.

Nje kulikuwa na ule mvuke wetu wa Maskati wa mwezi wa nane, mtu akishuka garini miwani inakuwa nyeupe na anasimama kama kipofu mpaka aifute. Anayezijua salamu zetu anajua hazina njia ya mkato. Mgeni anapewa mkono na kila mtu, na kila mtu anamuuliza hali, na habari, na habari za huko atokako, naye anajibu kuwa hakuna ila kheri, kisha anauliza yeye, na wewe unajibu. Wakifika wengine wawili, mstari unasimama tena na habari zinaanza tena. Kufunga mlango watu wamesimama kizingitini wanasalimiana ni kumwambia mgeni nenda zako. Hatukufunga. Kahawa ilizunguka, ukaja ubani, ikaja halua, akaja mzee mwengine na fimbo yake, tukaanza upya. Mie nilikuwa katikati, kifua mbele. Baridi ilikuwa ikitoka kwa mgongo wangu na mvuke ukiingia kwa uso wangu, na sikufikiri kitu.

Mechi ikaanza, Wakenya na jamaa zangu, mlango ungali wazi, kwa sababu niliona fakhari watu wa uani nao watazame.

Wa kwanza kuanguka alikuwa beki wa jamaa zangu. Watu wakacheka. Kisha yule Mkenya akauvuta mpira kwa unyayo, mguu wa pili ukaondoka wenyewe, akakaa chini. Wakacheka zaidi. Akainuka, akajaribu tena upande wa pili wa uwanja, akaanguka kwa bega. Mara ya tatu hakukimbia tena. Alicheza kwa hatua fupi kama mtu anayetoka bafuni. Nikamtazama kocha. Alikuwa kashika kikombe cha kahawa na hakinywi.

Refa akapuliza, akanijia.

"Mjomba, sakafu inatoka maji."

"Ipangusweni."

Wakapangusa. Walipomaliza mwisho huu, mwisho ule ulishalowa. Nikainama, nikaweka kiganja chini. Sakafu ilikuwa baridi kama chupa iliyotoka barafuni, na maji yalikuwa yametapakaa kila pahala, membamba, sawasawa, hayana mwanzo wala mwisho. Hapo hapo nilijua. Hakuna mtu Maskati anayejua jambo lile kuliko mie. Nimewagombeza mabibi wa majumba makubwa kwa kuacha madirisha wazi AC inakwenda, nikiwaambia baridi na mvuke vikikutana, ukuta utalia. Mie nimeipoza saruji kutwa nzima, kisha nikaufungulia mvuke mlango wa lori.

Ilinipasa niseme tu: zimeni AC, tungojeni sakafu ipate joto, kosa ni langu. Kocha angengoja, kahawa ilikuwapo. Lakini wazee wote walikuwa wananitazama, na miongoni mwao wateja wangu. Nikachukua maikrofoni nikasema:

"Nani kamwaga maji?"

Na mie, Mungu ananiona, nikageuza uso upande wa Wakenya, walikokaa na machupa yao na birika zao za barafu. Nikasema, "Tumeshasema vinywaji viachwe nje." Hatukuwahi kusema. Ghala zima likageuka kuwatazama.

Mama mmoja akasimama, muuguzi, yule ambaye kila mechi alileta dawa ya kupuliza kwenye magoti na hakudai shukurani.

"Mzee, sisi hatujamwaga kitu. Njoo uangalie chupa zetu, zimejaa."

Sikwenda kuangalia. Niliwaambia wasafishaji wapanguse tena. Refa alipangusa viatu vyake mwenyewe, akateleza, akavunja mechi. Kocha akanipa mkono, akanishukuru kwa halua, akaondoka. Yule mchezaji alibaki amekaa benchi na jezi imelowa mgongo.

"Atarudi?" akaniuliza.

"Atarudi," nikasema.

Kocha hakurudi. Nilimpigia simu, akawa mpole mno, na mtu wetu akiwa mpole mno ujue neno limekwisha. Mwisho nikamfuata barazani kwake, Ruwi. Nilimkuta na marafiki zake, na miongoni mwao, kwa bahati yangu, mfanyabiashara mwenzangu wa AC, ambaye tumekuwa tukinyang'anyana majengo tangu ujana. Nikapewa kahawa. Habari zikaenda, habari zikarudi, kisha nikamtaja mchezaji.

"Yule?" akasema kocha. "Ana akili ya mpira. Lakini miguu haimshiki. Kaanguka kila pembe ya uwanja."

"Yalikuwa maji."

"Maji yanamwagika pahala pamoja, bwana. Yule kaanguka huku, kaanguka kule. Watu walikuwa wakisema Wakenya wamemwaga, basi wamemwaga uwanja mzima?"

Nikaona nilivyojifunga. Uongo wangu ukisimama, mchezaji anaanguka. Ukianguka uongo, mie ndiye ninayelala chini mbele ya mshindani wangu. Nikakizungusha kikombe. Mshindani alikuwa akinitazama, naye ni mtu wa kazi. Nadhani alikuwa kashajua tangu kocha aliposema kila pembe.

"Hapakumwagika kitu," nikasema. "Sakafu ilitoka jasho. Niliipoza kutwa, kisha nikaacha mlango wazi kwa ajili ya salamu zako. Juu ya sakafu ile hata paka angeanguka. Kosa langu."

Mshindani akakiweka kikombe chake chini.

"Wewe?" mshindani akasema. "Wewe uliyemwambia mteja wangu kwamba mie sijui kufunga dirisha?"

"Mimi."

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mshindani akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akasema, "Kunywa, fundi, hii ya moto," wakaanza tena. Nimedharauliwa nikiwa nabeba ngazi, lakini wakati ule nilikuwa sina cha kuvuliwa. Kocha alipomaliza kufuta macho akasema, "Mlete. Kwetu pakavu."

Nilimpeleka mwenyewe kwa gari. Nilikaa pembeni nikamwona anauvuta mpira kwa unyayo, na vijana wa klabu kubwa wanamtafuta alikopita. Kocha hakunitazama, alimwita msaidizi wake wakazungumza. Baada ya siku chache wakamchukua.

Alikuja ghalani kuniaga. Nilimngoja anishukuru, nasema kweli, nilikuwa nimeshatayarisha na jibu.

"Nashukuru, mzee," akasema. "Umenisaidia sana." Akatazama sakafu. "Lakini wale watu wangu bado wanasemwa. Hata dukani kuna mtu ameniuliza kama ni sisi tulimwaga maji."

"Mie nimeshasema ukweli."

"Ulimwambia nani?"

Nikataja baraza la Ruwi, na wakubwa waliokuwapo.

"Hao hawakukaa upande wetu," akasema. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kumjibu.

Mechi iliyofuata Wakenya walikuja kama kawaida, wamevaa rangi za timu yao, lakini hawakuchukua birika, wala chupa, wala kikombe. Walitoka kwenye joto lile la nje wakakaa na midomo mikavu, watoto pia. Mie nikafanya ninachokijua: nikatuma katoni za maji zipelekwe upande wao. Muuguzi akampokea mpelekaji kwa adabu, akamwambia, "Mwambie mzee asante, tumeshakunywa." Katoni zikakaa kwenye ngazi za kukalia na nailoni zake.

Wakati wa mapumziko nikachukua maikrofoni. Moyo ulikuwa unakwenda kama kompresa mbovu.

"Jamani, siku ile," nikasema, "yale maji hayakumwagwa na mtu. Yalikuwa ya AC zangu. Mnajua AC zangu ndizo zenye nguvu kuliko zote Maskati, basi ile baridi yake ilizidi, kwa sababu mashine zile si za kawaida, nilizileta mwenyewe..."

Nikajisikia. Spika zote zilikuwa zikinirudishia sauti yangu, najisifu juu ya kosa langu. Jamaa zangu walikuwa wakitazama viatu vyao. Refa alikuwa kaziba mdomo kwa filimbi.

Muuguzi akasimama pale pale pake.

"Mzee," akasema, bila maikrofoni na kila mtu akamsikia, "AC tumeziona. Sema tu samahani, tuendelee na mpira."

Watu wakacheka, lakini si kile kicheko cha Ruwi. Nikasema. Neno lenyewe lilitoka dogo sana, nikalirudia ili wa nyuma wasikie, na mara ya pili lilikuwa zito zaidi kuliko ya kwanza. Nikaiweka maikrofoni juu ya meza, na mtoto wa dada yangu akaanzisha kipindi cha pili kabla sijafika kitini.