Ngoja-Kwanza na Picha ya Ukungu

Mtaani walimwita Ngoja-Kwanza, na jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Ukiingia kwenye chumba chake cha picha, kati ya duka la vitambaa na fundi wa redio, ukaketi kwenye kigoda ukainua kidevu, hakukosa kukwambia, "Ngoja kwanza." Wingu likipita mbele ya dirisha, ngoja kwanza. Ukipepesa jicho, ngoja kwanza. Fundi wa redio alipenda kusema kwamba siku Ziraili atakapomjia mama yule ataambiwa angoje, atangoja mpaka achoke, na ili asirudi mikono mitupu atamchukua jirani. "Na jirani ndiye mimi," alimalizia, akigonga kifua kwa bisibisi.

Picha za vitambulisho ndizo zilizomlisha. Roho yake lakini haikukaa chumbani. Ilikuwa nje, kwenye vilima na mabonde, kule ambako mwanga hauna adabu: asubuhi unakuchekea, ukitega kamera unakupa kisogo. Siku za mapumziko alifunga mlango, akabeba kamera, stendi ya miguu mitatu, mwavuli, na mfuko wa plastiki wa kufunikia lenzi manyunyu yakianza, akapanda gari lolote linaloelekea juu. Mumewe alikuwa ameondoka zamani, bila matusi wala vyombo kuvunjwa. Alichoka tu. Alisema alioa mke mmoja akakuta ameoa na mawingu.

Jambo moja watu walimheshimu nalo. Hakugusa picha. Vijana wa mjini wenye kompyuta walikuwa wanapiga mlima chini ya anga la kijivu, kisha wanaubandikia anga la buluu lililopigwa kwingine, na wateja wanafurahi. Yeye aliliita anga la kuazima. Bibi harusi mmoja alimwomba amfute baka shavuni, akajibiwa, "Mwanangu, baka hilo umezaliwa nalo. Unataka nikuzae upya?" Waliokasirika walikwenda kwingine. Lakini Ngoja-Kwanza akisema kitu kiko hivi, hata wasiompenda waliamini kiko hivyo.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa tumbo moja. Mama yao alifariki yule mdogo akiwa bado anatambaa, kwa hiyo dada ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwozesha kwa dereva wa lori la mbao. Shemeji huyo alikuwa mtu wa kicheko kikubwa. Akifika alikuwa anapiga honi nje na kuuliza kwa sauti, "Shemeji, leo jua limekubali, au bado mnanuniana?"

Ndiye aliyekufa. Alfajiri moja, kwenye barabara ya mlimani, lori lilifika kwenye kona ya juu kabisa likaenda moja kwa moja kama vile kona haipo. Chini ni korongo. Kwenye lami hapakuonekana alama ya breki, na kwa sababu hiyo walimwengu wakapata la kusema: alisinzia. Kaka wa marehemu alilisema matangani, tena mbele ya mjane. Alisema mtu hasinzii bure, na aliyelala naye nyumba moja anajua alilalaje.

Miezi ikapita. Siku moja Ngoja-Kwanza alimkuta mdogo wake jikoni anachambua mchele. Alikuwa amekonda mpaka bangili inapanda kiwikoni. Tangu msiba hakuwa amepanda gari la aina yoyote. Hata hospitali alikwenda kwa miguu.

"Dada, nina ombi."

"Sema."

"Nenda pale kwenye kona. Nipigie picha. Nenda alfajiri kama alivyopita yeye."

"Picha ya pale utaifanyia nini, mdogo wangu? Utajikata na wembe uleule?"

"Wanasema alisinzia. Mimi nasema hakuona njia. Nataka nione alichokiona. Mimi kwenda siwezi, unajua." Akapuliza makapi ya mchele. "Nikiletewa na mtu mwingine sitaamini. Nikiletewa na wewe nitaamini."

Ngoja-Kwanza alikubali. Angekataaje?

Alilala kwenye nyumba ya wageni karibu na kona, akatoka kabla hakujapambazuka, na mwanamke anayeuza chai kando ya barabara akamwonyesha mahali. Ukungu ulikuwa umeziba dunia. Ulipanda kutoka korongoni mzito kama moshi wa majani mabichi, ukavuka barabara, ukalowesha nyusi na kola ya koti. Aliisikia barabara kuliko alivyoiona: gari linapanda kwa gia ya chini, linapumua, linapita, limekwenda.

Akafanya alichokifanya miaka yote. Alifuta lenzi, akaifunika kwa mfuko wake wa plastiki, akairudisha kamera begani, akaomba chai ya pili na kuketi. Ukungu si hali ya hewa ya kupiga picha. Ukungu unausubiri uondoke. Mikono yake iliamua hivyo kabla kichwa hakijaulizwa, kama mikono ya mpishi inavyofunika sufuria.

Na uliondoka, tena kwa namna ambayo hakuwahi kuiona. Jua lilitoboa kutoka upande wa korongo, ukungu ukapasuka vipande vipande, ukashuka bondeni kama maziwa yanayomwagwa taratibu. Lami ikang'aa. Mawe yaliyopakwa chokaa pembezoni mwa kona yakawaka moja baada ya jingine. Ng'ambo, milima mitatu ilijitokeza nyuma ya milima mingine, kila mmoja na buluu yake. Alipiga, akapiga tena. Alijua, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba hii ndiyo picha aliyokuwa akiitafuta tangu ujana. Kwa kitambo, Mungu amsamehe, alisahau kilichompeleka pale.

Aliisafisha kwa ukubwa mzuri, kwenye karatasi nzuri, akampelekea mdogo wake Jumamosi. Mkwe alikuwepo pia, mama wa marehemu, bibi mpole asiyetoa mkono wake kwenye bega la mkazamwana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi salama?"

"Nimerudi."

Mdogo mtu aliipokea picha kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda mrefu. Kidole chake kilifuata barabara polepole, kikapanda, kikafika kwenye kona, kikapita juu ya mawe yale meupe, moja, jingine, jingine.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa."

"Mbona njia yote inaonekana, dada?"

Ndipo Ngoja-Kwanza alipokumbuka alichotumwa. "Ulikuwapo ukungu," akasema haraka. "Mkubwa sana. Niliungoja uondoke."

"Uliungoja uondoke." Mdogo mtu aliyarudia maneno hayo bila hasira, kama anayasoma mahali. "Mimi nilikutuma ukungu, dada. Umeniletea jua."

Mkwe alijikohoza, akanyanyuka kwenda kutazama maji ya chai ambayo hakuna aliyeyabandika. Mdogo mtu alingoja mlango ufungwe, kisha akasema akiwa bado ameinamia picha.

"Usiku ule hakulala. Tuligombana mpaka majogoo. Unajua kwa sababu gani? Kabati. Mlango wa kabati aliahidi kuurekebisha hakuurekebisha. Kila akifumba macho nilimwamsha nimwambie lingine. Aliondoka hata hakunywa maji. Kama kulikuwa na ukungu, ni ajali, ni Mungu. Lakini kama njia ilikuwa wazi hivi..." Akaigeuza picha uso chini. "Kama njia ilikuwa wazi hivi, basi nimemuua mimi."

"Usiseme hivyo."

"Nitasemaje?"

Jioni hiyo kaka wa marehemu alipita kusalimia, akaichukua picha mezani, akaishika mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake. "Pazuri," alisema. "Na njia si nyembamba kama walivyokuwa wanasema." Akairudisha na kuomba sukari zaidi.

Ngoja-Kwanza alirudi mlimani wiki iliyofuata. Jua lilitoka safi kama limeoshwa. Akarudi tena, mvua, lakini mvua ya uwazi, inayofanya kila jiwe lionekane. Yeye aliyezoea kulililia jua sasa alilichukia kila lilipochungulia.

Mwuza chai alimcheka. "Mama, wenzako wanakuja kutafuta jua, wewe umepoteza nini kwenye ukungu?"

"Deni."

"Basi msimu wake umepita. Utarudi mpaka uchakae." Alimtazama usoni, akaacha kucheka. "Kaa ndani ya kibanda. Ukungu ukija nitakuamsha."

Ilichukua sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wote huo mdogo mtu aliendelea kukonda, na picha ile ya jua ilikaa juu ya kabati, uso chini, hakuna aliyethubutu kuitupa. Mwenye kiwanda cha kalenda alisikia habari zake akaja kuiomba. Ngoja-Kwanza alimwambia picha hiyo imeharibika.

Mwishowe ukungu ulikuja. Mwuza chai aligonga kibanda, na Ngoja-Kwanza alipotoka nje hakuona hata kikombe alichopewa mkononi mpaka kilipomgusa mdomo. Alisimamisha stendi katikati ya njia ya kupandia, akaipandisha hadi kimo cha macho ya dereva wa lori, huku mwuza chai amesimama nyuma akipunga tochi ili magari yasije yakawazoa. Akapiga. Nyeupe. Akapiga tena.

Na hapo ukungu ukafanya ambalo alilijua lakini hakuwa amelifikiria. Ukapumua. Ukungu hausimami, unajaa, unapungua. Kwa muda wa mtu kumeza mate, pazia lilipungua, na mbele yake yakajitokeza mawe yale ya chokaa, meno meupe kwenye kijivu, yamejipinda kufuata kona. Dereva aliye macho angeyaona. Kisha pazia likajaa, hakuna mawe, hakuna kona, hakuna dunia. Dereva yeyote, hata aliyelala usiku kucha kwenye godoro la pamba, angekwenda moja kwa moja.

Alipiga hali zote mbili. Aliendelea kupiga mpaka vidole vikafa ganzi, akitafuta picha moja itakayosema kweli, na kila aliyoipiga ilikuwa kweli. Ukungu wa alfajiri ile nyingine, ya shemeji, ulikuwa umejaa au umepungua? Nani aliyekuwepo? Hakuna kompyuta iliyoguswa wala anga lililoazimwa, lakini alielewa, amesimama pale maji yakimchuruzika kwenye mwavuli, kwamba tangu siku ya kwanza aliposhika kamera alikuwa akiwachagulia watu cha kuona. Hilo aliliita subira. Aliliita ukweli.

Chumbani kwake alizipanga zote mezani. Zenye mawe upande mmoja, zisizo na mawe upande mwingine. Fundi wa redio alichungulia, akauliza kama karatasi zimeingia unyevu. Ngoja-Kwanza alichukua moja, nyeupe tupu, yenye kivuli hafifu tu cha lami chini kabisa, akaitia kwenye bahasha. Zilizobaki hakuzichana wala hakuzitazama tena.

Nyumbani kwa mdogo wake, mkwe aliitazama picha akatikisa kichwa. "Hapa umempigia ukuta, mwanangu."

"Ndivyo kulivyokuwa, mama."

Mdogo mtu aliipokea. Aliisogeza karibu na pua, akaitafuta barabara kwa kidole, kidole kikapanda kidogo kikakosa pa kwenda. Kikasimama. Akainua macho.

"Wewe mwenyewe ulisimama pale?"

"Nilisimama."

"Kona uliiona?"

Nje, mwanga wa dirishani ulikuwa ukibadilika, kijivu kinageuka manjano kwenye sakafu. Ngoja-Kwanza aliutazama mwanga huo.

"Sikuiona," akasema.

"Hata wewe unayejua iko pale?"

"Hata mimi."

Mdogo mtu aliiweka picha mapajani, akajifunika uso kwa upindo wa kanga, na kilio kilichomtoka hakikuwa cha matangani. Mkwe alimkumbatia, naye akalia, akisema, "Unasikia, mwanangu? Hukumuua mtu. Unasikia?" Kwa hiyo alikuwa anajua habari za kabati siku zote hizo.

Picha ile nyeupe imetundikwa sebuleni. Mdogo mtu amerudi kunenepa, na mwaka huu alipanda basi, kituo kimoja tu, akashuka anatetemeka na anacheka. Wageni wakiuliza kwa nini ametundika karatasi isiyo na kitu, huwaeleza, na dada yake akiwepo humshika mkono.

"Huyu hapa ndiye aliyekwenda akaona. Muulizeni. Huyu hajui kusema uongo tangu azaliwe."

Wageni humgeukia. Ngoja-Kwanza huwaambia kulikuwa na ukungu, ukungu mwingi sana, kisha huomba maji ya kunywa.